Usukani Utetemekao na Dawa Yake

Katika miaka ya mwanzo ya uhuru, nilipokuwa kijana mkaguzi wa afya katika vijiji vya Tanga na Pangani, nilikabidhiwa pikipiki ya BSA aina ya M21, chombo kizito cha silinda moja chenye sentimita za ujazo 591, kilichoundwa katika karakana za Small Heath mjini Birmingham, na ambacho kwa mifupa na kwa wajihi kilikuwa ndugu wa ile M20 iliyowabeba matarishi wa jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Pili. Katikati ya usukani wake, juu kabisa ya shina lishikalo miguu ya mbele, palikuwa na kirungu cheusi cha kujaa kiganja, ambacho ukikizungusha kuume usukani hukaza, na ukikizungusha kushoto hulegea. Wale walionikabidhi chombo walinieleza habari za breki, klachi, mafuta na funguo, lakini kirungu kile walikipita kimya.

Aliyenifahamisha kazi yake alikuwa fundi mmoja mzee wa mtaa wa Ngamiani mjini Tanga, aliyejifunza ufundi katika karakana ya shamba la mkonge, mtu wa maneno machache, ambaye kila mteja kwake alikuwa mwana. Alikishika kirungu kile, akakizungusha huku na huku, kisha akasema: "Mwanangu, hiki si pambo wala si dawa. Ukiwa mjini kilegeze kabisa. Ukiingia njia mbaya kikaze kidogo. Na siku utakayoona huwezi kwenda ila umekikaza sana, shuka, uniletee pikipiki, maana ina maradhi."

Nayakumbuka maneno hayo hata leo kwa kuwa fundi yule alilijibu mapema swali ambalo vijana wa bodaboda huniuliza sasa, wakijua kwamba nimepanda pikipiki umri wangu wote: je, mtu aendaye katika barabara za kawaida kwa shughuli zake za kila siku, asiyeshindana na mtu wala kutafuta kombe, ana haja ya dampa ya usukani, yaani kifaa cha kuutuliza usukani kama kirungu kile? Jawabu langu ni kwamba aghalabu hana. Walakini jawabu tupu halimfai mtu ambaye jana usukani ulimtetemekea mikononi akadhani siku yake imefika, na kwa hiyo yafaa tulitazame jambo lenyewe kwa utulivu, tangu asili yake.

Mguu wa mbele wa pikipiki haukusimama wima. Umelazwa nyuma, na katika pikipiki nyingi za barabarani mlalo huo ni baina ya digrii 24 na 28, hata ukipitisha mstari ndani ya shina la usukani, ukaushusha mpaka ardhini, utaigusa barabara mbele ya mahali ligusapo tairi. Masafa yaliyo baina ya nukta hizo mbili, ambayo kwa kawaida ni kadiri ya sentimita 9 hadi 11, ndiyo yaupayo mguu wa mbele tabia yake ya ajabu: gurudumu likipotoshwa na jiwe au shimo, hurudi katikati lenyewe, pasipo amri ya mpandaji. Ni tabia njema, na pasipo hiyo hakuna ambaye angethubutu kwenda mwendo wa haraka juu ya magurudumu mawili. Lakini kila kirudicho katikati kwa nguvu huelekea kupitiliza, kikaangukia upande wa pili, kikarudi tena. Chombo kikiwa kizima, kupitiliza huko hufa papo hapo, kukamezwa na tairi na uzito wa mbele. Kikiwa na kasoro, kila mrudio huongezewa nguvu na uliotangulia, mithili ya mtoto katika pembea anayesukumwa kila mara kwa wakati wake, mpaka usukani ukawa unapiga kuume na kushoto mara 4 hadi 10 katika sekunde moja. Hapo ndipo mikono ya binadamu ishindwapo. Kabla hujavuta kushoto, usukani umekwisha kwenda kushoto na kurudi, na mvuto wako unafika umechelewa, ukawa msaada kwa adui.

Kirungu cha BSA kilikuwa silaha ya zamani dhidi ya jambo hilo. Chini ya shina la usukani palipangwa sahani za chuma na sahani za nyuzi zilizogandamizwa, zikipishana, na chuma chembamba kilipita katikati ya shina mpaka juu kwenye kirungu. Ukikaza, sahani zilibanana, na usukani ukawa mzito. Mainjinia wa siku zile waliweka kitu hicho hasa kwa ajili ya pikipiki zilizofungiwa kigari cha ubavuni, ambazo usukani wake hutikisika sana mwendo ukiwa mdogo. Kilikuwa na ila moja kubwa: ugumu wake ni ule ule wakati wote, uwe wageuza usukani polepole au unapigwa ghafla. Na mtu aendaye polepole sokoni au katika mchanga husimamisha chombo kwa kugeuza usukani kidogo kidogo bila ya kukoma. Akiwa amekikaza kirungu, masahihisho hayo madogo hukwama, na pikipiki huanza kuyumba kama inayoongozwa na mwanafunzi. Ndiyo maana ya wasia wa fundi kwamba mjini kilegezwe kabisa.

Dampa za leo ni za mafuta. Ndani ya bomba dogo mna pistoni, na mafuta hulazimishwa kupita katika tundu jembamba. Ukigeuza taratibu mafuta hupita kwa raha wala huhisi kitu, lakini usukani ukipigwa kwa kishindo mafuta hayapati nafasi ya kupita upesi, nayo hugoma. Ni maendeleo makubwa juu ya sahani za zamani, na asemaye kwamba dampa ni ulaghai wa wauza vipuri hasemi kweli.

Sasa nieleze jambo lililonipata katika barabara ya Pangani, kwa sababu ndilo lililonifunza mpaka wa kirungu kile.

Barabara hiyo, katika siku ninazozisema, ilikuwa ya udongo mwekundu sehemu kubwa, ikipita baina ya mashamba ya mkonge na minazi, na baada ya mvua kukauka uso wake ulijipanga mawimbi madogo madogo ambayo yaliutikisa mwili mpaka meno. Mizigo yangu ilikuwa sanduku la chanjo, stovu ya kuchemshia sindano, na pampu ya dawa ya viluwiluwi vya mbu, yote ikifungwa juu ya kichanja cha chuma nyuma ya kiti, na sehemu kubwa ya kichanja hicho ilipita ekseli ya nyuma. Asubuhi moja, nikiteremka mteremko mrefu ambako udongo ulikuwa umeshikana na njia imekuwa laini, mshale wa mwendo ulipokaribia maili 45 kwa saa nikaachia mafuta ili nipunguze, na mara usukani ukaanza kutetemeka. Kwanza ulikuwa mtetemo mwembamba, kisha ukapanuka. Nilinyoosha mkono mmoja nikakaza kirungu, na naam, mtetemo ukakatika palepale.

Faraja hiyo haikudumu. Njia ilipofunguka mbele na mwendo ukapanda kidogo kupita hapo, likazuka jambo la namna nyingine kabisa: usukani ulikuwa umetulia, ila pikipiki nzima, pamoja nami na chanjo za watu, ilianza kuyumba kutoka nyuma, polepole na kwa upana, mara 2 au 3 kwa sekunde, ikilala upande huu na upande ule. Kadiri nilivyokibana kirungu, ndivyo yumbo lile lilivyozidi. Nikapunguza mwendo hatua kwa hatua, na ulipofika maili 40 yumbo likafa lenyewe. Nikasimama chini ya mwembe mpaka pumzi ziliporejea.

Fundi wa Ngamiani aliposikia hadithi hiyo hakugusa kirungu hata kidogo. Aliinua pikipiki juu ya gogo, gurudumu la mbele likaning'inia, akaishika miguu ya mbele kwa chini, akaisukuma na kuivuta. Na kila alipovuta pakasikika mgongano mdogo wa chuma, kwani gololi za shina la usukani zilikuwa zimelegea katika vikombe vyake. Akazitoa, akazisafisha, akazipaka grisi, akazirudisha na kukaza nati yake kwa kadiri, akijaribu mara kwa mara kwamba usukani waanguka upande kwa uzito wake wenyewe bila ya kukwama. Kisha akatazama kichanja changu. Akaniambia kwamba kila ratili iwekwayo nyuma ya ekseli huunyanyua mguu wa mbele, na mguu wa mbele uliopungukiwa na uzito ni mguu usiojua pa kukanyaga. Akanitengenezea mifuko miwili ya turubai, ikaning'inia mbavuni, mbele ya ekseli, na mizigo yote mizito ikahamia humo. Tangu siku hiyo kirungu kilikaa kimelegea mpaka niliporudisha pikipiki, na wala mteremko ule haukunitisha tena.

Miaka ilipita kabla sijajua kwamba nilichokipata mteremkoni kilikuwa na maelezo ya kitaalamu. Mwaka 1971 Mwingereza Robin Sharp alichapisha uchunguzi wa hesabu juu ya uthabiti wa pikipiki, ambao hadi leo wahandisi huuanzia kazi zao, akibainisha kwamba chombo hiki kina namna tatu za kupoteza utulivu: kuanguka upande polepole, kuyumba kwa chombo kizima kutoka nyuma, na kutetemeka kwa usukani peke yake. Akaonyesha jambo ambalo mpandaji wa kawaida hawezi kulikisia: dampa ya usukani huutuliza mtetemo, lakini yumbo la mwendo mkubwa hulizidishia. Kwa hiyo hakuna dampa ambayo kila ikikazwa zaidi huongeza salama. Kuna kadiri, na kupita kadiri ni kubadilisha hatari moja kwa nyingine iliyo kubwa kuliko ya kwanza, kwa sababu yumbo humfikia mtu akiwa katika mwendo wa haraka zaidi.

Haya ndiyo niliyokuwa nayo kichwani mpwa wangu, ambaye hupata riziki yake kwa bodaboda ya Boxer, aliponijia jioni moja uso umemkunjamana.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Habari za kijiweni?"

"Nzuri, mjomba, ila pikipiki inanitia hofu. Nikifika sitini nikaachia mafuta, usukani unaanza kucheza. Kuna fundi anauza dampa, anasema nikifunga hiyo nimemaliza."

"Ukiwa peke yako unacheza?"

"Kidogo tu. Nikipakia mtu na gunia, au mishikaki, ndipo panapokuwa na balaa."

Jawabu hilo lilikuwa nusu ya uchunguzi. Mishikaki, yaani abiria wawili au zaidi walioshonana nyuma ya dereva, sheria imeikataza, na sheria katika hili ina haki hata kwa hesabu za uzito peke yake, maana yule wa mwisho hukaa nyuma ya ekseli, mahali pale pale ilipokuwa pampu yangu ya dawa, na kila achukuacho kutoka gurudumu la mbele hakirudi. Nilimwambia hivyo waziwazi. Ninampenda kijana huyu, na nimekwisha wazika vijana wa mtaani kwetu waliokuwa na umri wake.

Kisha tukasimamisha Boxer juu ya stendi kubwa, nikamketisha kijana kwenye kiti cha nyuma ili gurudumu la mbele liinuke, nikageuza usukani kwa kidole kimoja, taratibu. Ulipofika katikati ukajishika, ukahitaji msukumo mdogo ili upite. Huo ndio mwanzo wa mengi. Pikipiki ikigonga mashimo miezi na miaka, gololi huchonga vishimo katika vikombe vyake mahali pale zikaapo usukani ukiwa umenyooka, na tangu hapo usukani haurudi katikati kwa ulaini bali hunasa na kunasuka. Tairi la mbele lilikuwa limelika kwa vidato na upepo wake haukutosha. Spoku mbili zililegea. Nikaishika pikipiki kwa nyuma, nikausukuma mkono wa gurudumu kuume na kushoto, nao ukacheza, ishara kwamba bushi zake zimekwisha. Dampa ingeyafunika haya yote kwa muda. Usukani ungetulia, kijana angetulia, na beringi iliyokufa ingeendelea kufa bila ya mtu kuisikia, mpaka siku ambayo hata dampa isingeweza kuizuia.

Kwa bei aliyotajiwa ya dampa ile tulinunua beringi za shina la usukani, bushi na tairi jipya la mbele, na fundi akakaza spoku na kunyoosha ringi. Usukani ukaacha kucheza. Nikamfundisha pia kupima upepo wa matairi asubuhi, wakati matairi yangali baridi, kwa kuwa tairi laini ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya mtetemo, na ndicho kisababishi pekee ambacho dawa yake haigharimu karibu kitu.

Ikiwa mtetemo umekukuta njiani, yapo mambo ya kufanya, na yafaa uyajue kabla, kwani wakati wenyewe hautakupa nafasi ya kufikiri. Usikamate usukani kwa nguvu zote. Mikono iliyokakamaa huungana na mtetemo. Usibane breki ya mbele kwa ghafla. Bana tangi kwa magoti yote mawili, lala mbele kidogo ili uzito wako uende juu ya gurudumu la mbele, legeza viwiko, na punguza mafuta taratibu mpaka mwendo ushuke chini ya pale mtetemo ulipoanzia. Aghalabu hufa wenyewe. Kisha usiseme alhamdulillahi ukaendelea na safari kana kwamba hapakuwa na kitu. Nenda kwa fundi.

Nimesema aghalabu, na neno hilo nililitia makusudi, kwa maana wapo ambao dampa ni haki yao. Pikipiki za mbio zinazouzwa kwa ajili ya barabara zimesimamishwa mguu wa mbele zaidi, hadi digrii 24 au pungufu, ili zigeuke upesi, na nguvu zake ni nyingi kiasi cha kuinua gurudumu la mbele zikivutwa mafuta. Gurudumu lililoinuka likitua limepinda hata kidogo, usukani hupigwa kwa kishindo kutoka kikomo hadi kikomo, na hapo hakuna gololi mpya wala upepo wa kutosha uwezao kumwokoa mtu. Suzuki TL1000S iliyotoka mwaka 1997 ilijulikana kwa tabia hiyo, na kampuni yenyewe ikaifungia dampa baadaye. Honda nayo, ilipotoa CBR1000RR ya mwaka 2004, iliweka dampa inayoongozwa na kompyuta, ambayo hulegea mwendo ukiwa mdogo na hukaza mwendo ukipanda. Yaani yale aliyoniusia mzee wa Ngamiani, kilegeze mjini na kikaze njiani, yamekabidhiwa mashine iyafanye yenyewe. Na katika kisiwa cha Man, ambako kila mwaka watu hushindana katika barabara za kawaida za vijiji na mlima, kwenye mzunguko wa karibu kilomita 60 wenye matuta na vilele ambako magurudumu huachana na ardhi, ni vigumu kumkuta mshindani asiyefunga dampa.

Mtu aliyebahatika kuwa na pikipiki ya namna hiyo, nao wapo Dar es Salaam na Mombasa, asiiondoe dampa aliyoikuta kwa sababu ya kusikia kwamba waungwana wa zamani walikwenda bila ya hiyo. Wao hawakuwa na farasi mia na hamsini chini yao. Aitazame kila mwezi kama inavuja mafuta, ageuze usukani kutoka kikomo hadi kikomo ahakikishe haigusi tangi wala waya, na ikiwa ni ile yenye vidato vya kurekebisha kwa mkono, aanze na kidato cha chini kabisa, apande kimoja kimoja pale tu barabara inapomlazimisha, na akirudi mjini akirudishe chini kabla ya kuingia katika msongamano.